Nani Ana Haki ya Kutuita Mwisho wa Lami

Mpendwa binti yangu, mama yangu mdogo,

Kabla hujauliza habari za nyumbani, ujue kwanza kwamba baba yako ni mtu wa bahati. Sizungumzii bahati ndogo ndogo za kukuta kiti cha dirishani. Nazungumzia bahati ya kuzaliwa nayo, ile inayomfuata mtu hata akiikimbia. Baba yako mkubwa amelegea. Amelegea mwenyewe, bila kuombwa wala kusukumwa. Nilikuwa napita zangu Lusewa kwa shughuli za mahindi, nikaona si vizuri kumpita kaka yangu mlangoni. Nikamkuta nje ya bani lake la kukaushia tumbaku, anachambua majani yaliyokauka, nikamwamkia, nikaketi, na kabla sijanyoosha miguu vizuri akasema, "Waambie wale Wahehe warudi." Basi. Wenzangu huhangaika na vikao mpaka viatu vinaisha soli. Mimi nikipita tu, mambo yananyooka.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kila nikikupigia naambiwa namba haipatikani. Yule mama anayesema ndani ya simu tumeshazoeana kiasi kwamba siku nikitafuta mke wa pili nitaanza kwake. Sentensi hiyo nimemsomea mama yako, akacheka kidogo puani. Nimekuwekea hapa kicheko hicho kwa kuwa kilikuwa chako, mimi nilikipokea kwa niaba.

Barua yenyewe naiacha wazi. Wewe utaipata kwa mkono wa dereva wa basi la Iringa, na nakala nyingine naibandika kwenye kibanda cha chai cha Bi Zuhura hapa stendi. Maana hakuna mtu wa stendi hii ambaye hakutia neno kwenye jambo lako. Waliposema, walisema hadharani. Basi na wasome hadharani. Najua mwandiko wangu unapanda mlima, shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini nimefika Tunduma, nimefika Lilongwe, nimelala Kapiri Mposhi kwenye benchi, na kote huko niliandika barua na zikajibiwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasoma jiografia, mimi na wewe? Ulikuwa unatoka shule unanifuata stendi, unapanda juu ya magunia ya mahindi yanayosubiri kupakiwa, miguu inaning'inia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi napiga debe la Tunduru, na katikati ya abiria na abiria nakutupia swali.

"Mji Kasoro Bahari?"

"Morogoro."

"Geneva ya Afrika?"

"Arusha."

"Rok Siti?"

"Mwanza, kwa sababu ya mawe."

"Bongo?"

Hapo ulikuwa unasita. Bi Zuhura alikuwa anasema Bongo ni Dar es Salaam peke yake, makondakta wanasema Bongo ni nchi nzima, na kila siku wanaligombania jambo hilo chai ikipoa. Siku moja ukaniuliza, "Baba, kati yao nani mkweli?" Nikakujibu kwa sauti ya mtu aliyezunguka dunia kwamba jina la mji linaamuliwa na wanaolala ndani yake. Ulitikisa kichwa kama hakimu. Mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria, lilitoka tu, kama mengi yanayonitoka.

Na ndiyo maana kwenye mtihani, ulipoulizwa mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, ukaandika Kasoro Bahari, ukapewa sifuri. Nilivaa koti nikaenda shuleni. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Mzee, jina la utani haliandikwi kwenye mtihani." Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimepeleka watu Morogoro maisha yangu yote, sijawahi kuona mtu akinyimwa tiketi kwa kusema Kasoro Bahari." Akakupa nusu maksi ili niondoke. Tulirudi nyumbani kwa miguu, wewe umebeba karatasi juu kama bendera. Ile nusu maksi mpaka leo naihesabu kuwa elimu yangu ya juu.

Halafu kulikuwa na jina letu wenyewe.

Wewe ulizaliwa wakati lami ya kutoka Njombe inaishia hapa hapa kwetu. Ukitaka kwenda Namtumbo au Tunduru, basi linateremka kutoka kwenye lami kama mtu anayeingia mtoni, kwanza tairi za mbele, kisha roho. Kina mama wanafunga kanga puani. Masika basi lilikuwa linaweza kuzama kwenye tope, abiria wakapika, wakalala, wakaanza kujuana mpaka na majina ya wakwe. Na basi kubwa likiingia kutoka Dar, mimi ndiye niliyekuwa nasimama mlangoni nasema, "Mwisho wa Lami, shukeni, mbele ni imani tu." Watu wakicheka. Bi Zuhura anabisha mpaka leo kwamba madereva walilisema kabla yangu. Namwachia. Mvumbuzi wa kweli hagombani na mtu anayemchemshia chai.

Tatizo la jina ni kwamba ukishalirusha hewani hulishiki tena mkia. Watumishi waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine wakalidaka. Wao walilisema huku wanashusha pumzi, unaijua ile pumzi: "Nimepangiwa Mwisho wa Lami." Kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Jina ni lile lile, lakini kwangu lilikuwa linacheka na kwao lilikuwa linalia. Kisha lami ikatambaa ikafika Namtumbo, ikafika Tunduru, ikaendelea zake. Ungedhani jina litakufa. Wapi. Vijana wa Majengo wakalichukua wakalichapisha kwenye fulana kifuani, herufi kubwa, wanatembea nalo sokoni kama wameshinda kitu.

Wewe ulilibeba mpaka Iringa. Siku zako za kwanza chuo cha uuguzi ulinipigia jioni, unacheka mpaka salio likaanza kulia. Mko kwenye foleni ya chakula, mtu akakuuliza unatoka wapi, ukasema, "Mwisho wa Lami." Kijana mmoja nyuma yako akadakia, "Aa, mtani, huko ndiko babu zetu walikowafukuzia." Na wewe, mtoto wa stendi, ukageuka na sahani yako, "Walitufukuza, au walikuwa wanatukimbia wakapotea njia?"

Huyo alikuwa Fidelis.

Nilipokata simu nikamwambia mama yako kwamba mtoto ameshapata mtu. Akaniuliza nimejuaje. Nikamjibu, mtoto ametukanwa na anasimulia kwa furaha, halafu akimaliza anarudia.

Kwa wasomaji wa kibandani ambao si wa huku, na hapa namtazama Mwalimu wa Rombo, nieleze kidogo. Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona kazi iliyobaki ni kutukanana kwa upendo. Mhehe anaweza kunivua kofia kichwani akaondoka nayo, akaniita mla panya mbele ya watoto wangu, na mimi nikamwambia afunge mdomo maana naona mkia wa mbwa aliyemla unatokeza. Hakuna kesi. Hata msibani mtani anaruhusiwa kumtania marehemu, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Ndiyo utani. Ni dawa, lakini kama dawa zote, ina namna ya kunywewa.

Sasa tufike siku yenyewe. Nitaisimulia kama nilivyoiona kutoka kwenye kile kiti cha kona.

Kwetu, siku ya posa, baba mzazi hana mdomo. Anakaa kama mgeni aliyekuja kwa makosa. Anayesema ni kaka yake mkubwa. Mimi, ambaye sauti yangu ikitoka stendi inamwamsha mtu Majengo, nimewekwa kwenye kona, nimevaa koti lile lile la nusu maksi, mikono juu ya magoti. Mama yako akapita na sinia akaninong'oneza, "Leo umependeza. Ungejua kunyamaza hivi ningekuzalia kumi."

Wageni wakafika. Mbele ni mshenga wao, mtu mfupi mwenye kofia pana, dumu la pombe ya ulanzi mkononi, uso umejaa amani. Akasimama mlangoni akasema, "Hodi hapa Mwisho wa Lami. Tumesafiri mpaka barabara imetuishia, na barabara ikikuishia mlangoni kwa mtu, ujue ndipo ulipotumwa."

Mwanangu, mimi nimesikia wapiga debe wa nchi sita. Sijawahi kusikia mtu akiingia nyumba ya watu kwa maneno mazuri kama yale. Nusura nipige makofi. Kisha nikamwangalia kaka Otmari. Alikuwa amekaa wima kama nguzo ya bani.

"Umesema umefika wapi?"

"Mwisho wa Lami, mzee wangu."

"Mji huu una jina la mtu," kaka akasema, polepole. "Mtu huyo alinyongwa hapa hapa na Wajerumani, na hakukimbia. Huko kwenu marehemu mnawaita kwa majina ya barabara?"

Mshenga wa watu akadhani ni utani. Ningekuwa mimi ningedhani hivyo hivyo. Akacheka, akatua dumu, akasema, "Mtani, usinitishe. Niambie tu mbwa mmemfungia wapi, tumekuja na njaa."

"Sina mtani humu ndani," kaka akasema. "Mimi nilikuwa nasubiri wakwe."

Na hapo ndipo wewe ukatoka chumbani. Hukuitwa. Binti hatoki mpaka aitwe aulizwe kama wageni anawajua. Wewe ukatoka, ukapiga goti, ukasema, "Baba mkubwa, shikamoo. Hilo jina ni langu. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Hakuitikia shikamoo yako. Akasema, "Basi kama jina ni lako na wageni ni wako, ondokeni nalo."

Ukageuka ukaniangalia pale kwenye kona. Nilijua unasubiri nini. Ulikuwa unasubiri ile sauti ya stendi. Sote wawili tulijua jina lile lilitoka wapi kabla halijafika kwako. Mimi nikaangalia mikono yangu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: ukimkatiza kaka yako siku hiyo, umemvua nguo mbele ya wageni. Ukasema kwa sauti ndogo, siyo ya hasira, bora ingekuwa ya hasira: "Baba, leo umekosa sauti." Ukachukua mkoba, ukaondoka pamoja nao. Kuku wa mama yako aliliwa na majirani, na kila aliyekula alisema pole huku anatafuna.

Tangu siku ile stendi haikupata usingizi. Nitakuwekea maneno yao kama yalivyokuwa, wasije wakasema nimewasingizia.

Bi Zuhura alianza, yuko kwenye jiko lake, hajageuka. "Wallahi, kaka yako kakosea. Sisi Wayao tuna watani wetu, mtani hakatazwi mlangoni. Ukimkataza mtani, utani utaulaza wapi?"

"Ngoja, Bi Zuhura," akasema Mwalimu wa Rombo, ambaye amefundisha hapa mpaka mvi zimemkuta. "Mimi nikisema Mwisho wa Lami, mnaninunia. Mnaniambia nimedharau mji. Huyo mshenga amekuja asubuhi moja, mnamtetea. Haki iko wapi?"

"Wewe mwalimu unalisema huku unatazama njia ya kwenu."

"Nimejenga hapa. Nimemzika mke wangu hapa. Nitazame njia gani tena?"

Hapo Bi Zuhura aligeuka. Akamwongezea chai bila kuulizwa. "Basi wewe sema," akamwambia. "Kuanzia leo sema. Akikununia mtu nitamwona mimi."

Kijana mmoja wa bodaboda, kifua kimejaa jina lenyewe, akasema, "Nyie wazee mnapoteza muda. Hili jina sasa ni brandi. Fulana zimeisha, tunachapisha nyingine."

"Wewe nawe," Bi Zuhura akamjibu. "Brandi ya uongo. Lami imefika kwetu Tunduru zamani, inakwenda mpaka Masasi. Kama ni mwisho, basi mwisho uko baharini huko, siyo hapa."

"Kwa hiyo hapa ni Katikati ya Lami," akasema mwalimu.

"Nani ataolewa kwa jina hilo?" Bi Zuhura akamjibu.

Wakacheka. Walicheka vizuri, na katikati ya kicheko wakakumbuka nimekaa nao, wakarudi kwenye vikombe vyao. Mwalimu akaniuliza, "Na wewe Dunia, unasemaje?" Unajua huniita hivyo kwa sababu ya safari zangu. Nilikuwa na jibu la miaka yote, lile la wanaolala ndani. Lakini nilikuwa nimemwona mtu wa kulala ndani akifukuzwa na mwenzake wa ndani, na mtu wa nje akimzika mke wake humu. Jibu langu halikutosha tena. Nikawaambia nina mahindi ya kuangalia Lusewa, nikaondoka.

Basi ndiyo kama nilivyokueleza. Nilipanda basi la Namtumbo, nikamalizia na bodaboda. Njia nzima mahindi yamesimama, yamebeba, kijani mpaka kinauma macho. Nikamkuta kaka, na kama ujuavyo bahati yangu, jambo likajiendea. Nakuandikia maneno yake mwenyewe kwa sababu ni mtu wa maneno machache, yakipotea hayapatikani mengine.

Alisema, "Nimekaa nimelifikiria. Mtu akiwa mlangoni ni mkwe. Akishavuka, akakaa, akanawa, akamega tonge, hapo ni mtani, aseme atakalo. Yule alianza na utani kabla hajavuka. Hiyo ndiyo iliyoniuma."

Nikamuuliza, "Na jina?"

"Mlangoni aseme Songea. Alitaje jina lote, amtaje yule mzee. Akishakula, hata akituita Mwisho wa Dunia mimi nitamjibu." Halafu akatazama pembeni. "Na mwambie ajiandae. Nina maneno nimeyatunza tangu siku ile."

Mke wake aliniambia nyuma ya nyumba kwamba anamsikia akiyajaribu peke yake ndani ya bani. Anatukana Wahehe, anatulia, anabadilisha neno, anatukana tena. Sasa niambie, huyo si mtu anayesubiri wageni?

Nikamuuliza na kuhusu wewe. Alichambua jani moja, akalinyoosha juu ya paja kama mtu anayempigia mtoto pasi shati. "Yule amefanana na mama yetu," akasema. "Hata mama alikuwa anatoka chumbani bila kuitwa." Unajua wewe umebeba jina la mama yetu. Hajawahi kukusifu hivyo, wala hatakusifu tena, kwa hiyo neno hilo lipokee lote mara moja.

Nimeshaongea na mshenga. Nilipata namba yake kwa dereva. Nilianza kumweleza masharti ya mlangoni, nikazunguka kwa adabu, nikamtaja mpaka marehemu babu yake, yeye akanisubiri nimalize, akauliza, "Kuku yupo?" Nikasema yupo. Akasema, "Mlangoni Songea, mezani mla panya. Nimeelewa, mzee. Mbona ni rahisi." Huyo mtu nampenda. Ukishindwa kuolewa na Fidelis mimi nitamwoa mshenga.

Lakini mwisho akaniambia neno moja ambalo sikulipenda. Alisema wao wako tayari, na Fidelis yuko tayari, ila wewe umemwambia Fidelis kwamba kwenu hakuna kwenu tena.

Mama yangu mdogo, hilo ndilo nililokaa kuliandikia. Haya mengine yote ni mizigo ya juu ya basi.

Nimekuwa nikilifikiria lile jina. Mimi nililirusha stendi kwa kuchekesha abiria. Likapanda basi na wewe. Likakutafutia mchumba kwenye foleni ya chakula. Likarudi nyumbani limevaa kofia pana na kubeba dumu la ulanzi, na sisi tukalifukuza bila hata kulinywesha maji. Hakuna jina duniani lililofanyiwa ubaya hivyo, na mimi najua majina. Kaka anasema kweli, mji huu ni wa mtu aliyenyongwa na anastahili kuitwa. Vijana wanasema kweli, mtu akichukua tusi akalivaa kifuani limeshakuwa lake. Mwalimu anasema kweli, aliyezika ana haki. Na wewe ulisema kweli kuliko wote, maana ulilisema kwa mapenzi, mbali, mahali ambapo ungeweza kusema umetoka mji mwingine wowote na hakuna ambaye angejua. Sijui kama kuna hakimu wa mambo haya. Naona tu kwamba kila mmoja aliyelitaja alikuwa anataka kukaa.

Na hili pia nimeliona: ukija kupata watoto, nusu Wangoni nusu Wahehe, watakuwa na ruhusa ya kututukana pande zote mbili na hakuna mahakama itakayowagusa. Watauita mji huu wanavyotaka. Nitawakalisha juu ya magunia niwaulize Kasoro Bahari ni wapi. Wakiandika kwenye mtihani, koti ninalo.

Kwa hiyo njoo. Njoo nao, usiwatangulize wala usibaki nyuma. Wageni watabisha hodi, kaka ataitikia, utaitwa chumbani utoke kama inavyotakiwa, na ukitaka kutoka bila kuitwa, toka, kaka ameshasema ni urithi. Shikamoo yako safari hii itaitikiwa. Nimemwambia, na yeye akasema, "Nilikuwa nimeshaisikia siku ile." Mimi nitakuwa kwenye kiti cha kona, nitanyamaza kama desturi inavyotaka, lakini ukinitazama utaona nakutazama. Sitaangalia mikono.

Mama yako anasema uje na soksi nzito, huku asubuhi baridi imeanza. Bi Zuhura anakusalimu, anasema inshallah kitumbua cha kwanza siku hiyo ni chako. Mwalimu wa Rombo anakusalimu kutoka Mwisho wa Lami, na hakuna aliyemnunia.

Mungu akushike mkono njia nzima, kwenye lami na kwenye vumbi.

Na lile nililoanza nalo ni uongo. Sikuwa na mahindi yoyote Lusewa, na kaka hakulegea mwenyewe. Nilikwenda kwa ajili yako. Nilipiga magoti mbele yake juu ya majani ya tumbaku, mimi mtu mzima, nikamwambia jina lile ni langu, nikaongea yote niliyoshindwa kuongea siku ile, na nililia mpaka akaniinua.

Baba yako